Sufuria ya Mzee Gervais

Nina tabia ya kunusa maziwa kabla ya kuyamimina, hata kama nimeyanunua asubuhi ileile, na mtu akinisifu najiuliza anataka nini. Mume wangu anasema ni ugonjwa wa kazi, kwa kuwa natunza nyaraka za manispaa na siku nzima nakagua kama karatasi ni ile inayojidai kuwa. Si kweli. Ugonjwa huu niliupata kabla ya kazi, mwaka niliokuwa na miaka ishirini na miwili, kwenye ghorofa ya nne huko Hässelby, mwisho kabisa wa njia ya kijani ya treni za mjini, huku Uswidi. Mwaka huohuo nilimharibia jina Mzee Gervais mbele ya watu kama sitini, kwa kipande cha karatasi kisichozidi kiganja changu. Mzee Gervais tumemzika Jumamosi iliyopita. Nilikwenda mazishini nikiwa bado naamini kwamba nilifanya sawa, ila nilikuwa mkali mno. Nilirudi Spånga na mfuko wa plastiki ambao umenilazimisha kuukumbuka mwaka ule upya, chumba kwa chumba na mlo kwa mlo, na nimeona haya kila nilipofika.

Nilikuwa nimepanga kwa Mama Furaha, Mkongomani wa Bukavu aliyekuwa mpishi katika nyumba ya kutunzia wazee. Yeye alilala chumba kikubwa pamoja na cherehani yake. Chumba chenye roshani alikipanga Mzee Gervais, Mrundi mwenzangu, mjane wa miaka sitini na kitu, aliyewahi kuwa mwalimu Kigoma na kabla ya hapo karani katika ofisi ya mkuu mmoja wa mkoa. Mimi nilipewa kilichokuwa stoo, kando ya mlango wa mbele, kitanda kikigusa kuta mbili. Ukuta wa tatu ulikuwa wa jikoni, nao ulikuwa ubao mwembamba uliopakwa rangi. Nikiwa nimelala niliweza kujua nani anakoroga chai: Mama Furaha aligonga kijiko mara mbili ukingoni mwa kikombe, Mzee hakugonga kabisa. Tulikula saa kumi na moja jioni, sombe, yaani kisamvu, na ugali, au maharage na wali, na samaki wa kukaushwa siku Mama Furaha alipopita madukani Skärholmen. Mzee alikuja mezani na tai. Kila siku, tai, kula ugali jikoni na wanawake wawili, mmoja akiwa na kanga kichwani na mwingine na soksi zilizotoboka. Nilimshuku tangu wiki ya kwanza kwa sababu ya tai hiyo. Mtu asiye na la kuficha, nilijiambia, hali ugali amejifunga shingo.

Wakati huo nilikuwa nasoma historia ya Japani chuoni. Watu wa nyumbani waliponiuliza kwa nini Japani, nilisema napenda lugha. Ukweli ni kwamba nilitafuta darasa ambalo hakuna mtu angeniomba niwaeleze wenzangu kuhusu vita vyetu. Mwaka ule wote tulimsoma mtu mmoja, mwanazuoni wa mafundisho ya Konfusio aliyeishi zaidi ya miaka mia tatu iliyopita katika mji mkuu wa shoguni, yule mtawala wa kijeshi aliyeshika nchi huku mfalme akikaa kando na heshima zake. Jina lake silitaji, kwa kuwa nyumbani kwa Mama Furaha hakuwahi kuitwa kwa jina. Aliitwa Mjapani wako. Hakuwa na upanga wa kutisha wala ardhi ya maana. Kazi yake ilikuwa kukaa sakafuni mbele ya mtawala, kumfundisha vitabu vya kale vya Wachina, na kumshauri: sheria hii ni kali mno, wajumbe wa ng'ambo wapokewe hivi, yupi akae wapi, yupi ainame mara ngapi. Mtawala aliyempenda alipokufa, watawala wapya walimfukuza, wakamchukulia na nyumba. Mzee Gervais aliipenda habari hii kama watu wengine wanavyopenda mpira. Kabla sijamaliza kunawa mikono alikuwa ameshauliza.

"Haya, mwanangu, Mjapani wako leo kasema nini?"

Jioni moja ya Oktoba nilimjibu kwamba leo tumesoma habari za moto. Mshauri yule alipotaka kumwambia mtawala kwamba amekosea, hakusema mbele ya watu. Aliandika, akanakili kwa mwandiko safi, akampelekea nakala mkononi mwake. Ile rasimu aliyoandikia kwanza aliichoma. Sababu yake ilikuwa ya ajabu kwangu: mtawala akibadili nia, sifa iwe yake peke yake, na asiwepo mtu wa kuonyesha kwamba aliwahi kutaka jambo baya. Mzee aliweka tonge chini. Alitabasamu, akasema, "Huyo ni ndugu yangu."

"Muchome fasi ingine," alisema Mama Furaha, akimwongezea sombe. "Hapa nyumba ni ya kupanga."

Tulicheka wote watatu. Nakumbuka vizuri kwamba nilicheka.

Inabidi nieleze kwa nini Mzee alimwona Mjapani kuwa ndugu. Tulikuwa na chama, Warundi wengi na Wanyarwanda wachache, tukikutana mara moja kwa mwezi katika ukumbi wa chini ya ardhi tuliokuwa tukiazima Skärholmen. Mwenyekiti alikuwa Bwana Deo, mtu mrefu, mwenye sauti nzuri, mwepesi wa hasira na mwepesi wa kusahau hasira yake. Watu walimpenda. Kila Alhamisi alikuja Hässelby, akavua viatu mlangoni, hatua mbili kutoka kitandani kwangu, akaingia jikoni kwa Mzee Gervais na kufunga mlango. Hakuna katiba ya chama iliyosema kwamba mwenyekiti ana mshauri. Lakini kila mtu alijua kwamba Bwana Deo akitoka Hässelby Alhamisi, Jumapili ya mkutano anasema jambo la busara. Mimi nilikaa kitandani na kitabu nikasikiliza. Sikuwa nachungulia, nilijiambia, nipo chumbani kwangu. Sauti ya Bwana Deo ilipita ubaoni nzimanzima. Ya Mzee ilikuwa ya chini, nikapata maneno mawili matatu tu. "Huyo mama mwache aongee mpaka amalize." "Usimjibu kwa barua, nenda kwake." Mara nyingine kiti kilisukumwa kwa nguvu na Bwana Deo akasema, "Sasa wewe uko upande wangu ao uko upande wao?" Jibu sikulisikia.

Chuoni nako nilikuwa nafundishwa kushuku, na kwa mara ya kwanza maishani nilipewa alama kwa jambo ninaloliweza. Mwalimu wetu, mama mmoja wa Kiswidi mwembamba aliyekula karoti mbichi akifundisha, alitusisitizia neno moja, källkritik, yaani kukihoji kila chanzo: nani kaandika, anamwandikia nani, anafaidika nini. Mtu anayeandika habari zake mwenyewe, alisema, anajitetea. Nalitaja hilo hapa kwa kuwa nami sasa naandika habari zangu mwenyewe, na msomaji ana ruhusa ya kunihoji. Niliandika insha kuhusu zile rasimu zilizochomwa. Hoja yangu ilikuwa kwamba unyenyekevu ni kisingizio. Mshauri alichoma ili asije akahojiwa. Alitaka kutawala bila kubeba lawama, mkono wake usionekane popote. Mwalimu aliandika pembeni kwamba ni hoja ya kijasiri, akanipa alama ya juu kabisa. Niliipeleka jikoni nikamfasiria Mzee, nikitegemea anisifu, maana alikuwa mwalimu. Alisikiliza hadi mwisho akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili.

"Umeiandika vizuri," alisema. "Na kama alikuwa mkweli?"

"Angekuwa mkweli angebakiza ushahidi."

"Ushahidi wa kosa la nani?"

Nilidhani ananikwepa. Nilirudi chumbani nikaandika katika daftari langu: Mzee G. amemtetea haraka mno. Daftari hilo ninalo hadi leo, na sentensi hiyo nimeipigia mstari mara mbili.

Sasa Evariste. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano, mpya mjini, akingoja uamuzi wa ombi lake la hifadhi, akilala kwa rafiki Spånga na kuja chamani na shati moja lililopigwa pasi hadi linang'aa. Nilimpenda kabla hajajua jina langu. Alikuwa na mdomo mkali. Katika mkutano wa Novemba alisimama akasema chama kimekuwa cha mtu mmoja na kwamba mwenyekiti aachie ngazi, akasema akiwa ametabasamu, na vijana wakapiga makofi. Bwana Deo alijibu kwa upole, lakini niliiona mikono yake ikikunjakunja karatasi. Wiki mbili baadaye wakili wa Evariste aliandikia chama akiomba barua: je, mnamjua mtu huyu, ni kweli anatoka anakosema? Bila barua hiyo, Evariste aliniambia tukiwa kituoni, angeweza kurudishwa. Alisema bila kunitazama, akichezea zipu ya koti. Kuanzia siku hiyo nilisikiliza ukuta kwa masikio yote mawili.

Alhamisi tatu mfululizo nilisikia jina la Evariste. Bwana Deo alilitaja kwa sauti ya kukaripia. Mzee alilitaja taratibu, na kila alipolitaja yalifuata maneno mengi nisiyoyapata. Na kila baada ya Alhamisi hizo, Ijumaa mchana nilipotoka chuoni, nilikuta harufu ya karatasi iliyoungua. Mzee alikuwa ametoa sufuria kuukuu ya Mama Furaha, ile iliyopoteza mpini, akaiweka roshani juu ya matofali mawili, akawa anachoma ukurasa mmoja mmoja, amejifunga tai, theluji ikiangukia mabegani. Mlango wa chumba chake ulikuwa wazi, na aliponiona, kioo cha mlango wa roshani kikiwa kati yetu, aliniinamia kidogo, kama tulivyotaniana kwamba Mjapani huinama. Sikuinama. Niliona mtu niliyemfundisha mwenyewe namna ya kufuta alama za miguu yake. Nilikuwa nimeandika insha nzima kuhusu watu wa aina hiyo. Jirani wa chini naye alibandika kikaratasi kwenye lifti, maana Waswidi hawagombani, huandika: aliyekuwa akiwasha moto roshani ya ghorofa ya nne aache mara moja. Mama Furaha alikibandua akakileta mezani.

"Muzee, ninakuomba. Bazungu banaandika."

"Nimemaliza, mama," alisema. "Ilikuwa ya mwisho."

Februari Evariste alikataliwa. Aliusoma uamuzi akiwa amesimama katika chumba changu, kwa kuwa hapakuwa na pa kukaa wawili, na alipofika mahali paliposema kwamba asili yake haikuthibitishwa alianza kulia bila sauti. Nilimshika kichwa. Nilimwambia kuna mtu ameandika dhidi yako, na najua ni nani. Hakuwa ameniuliza. Siku iliyofuata, Mzee akiwa kanisani, niliingia chumbani kwake kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Kitanda kilikuwa kimetandikwa bila kunyanzi, picha ya marehemu mkewe juu ya redio, tai nne zimening'inizwa kwenye mti wa kukaushia nguo. Sikugusa kitu. Nilikwenda moja kwa moja roshani. Sufuria ilikuwa imejaa majivu yaliyogandamana kwa baridi, na nilipoyavunja kwa kijiko nilikuta kipande kimoja ambacho moto ulikila pande zote ukakiacha katikati. Mwandiko ulikuwa wake, herufi za karani, zilizosimama wima. Kilisomeka: kuandika barua kuhusu Evariste, kwamba hatumjui, kwamba huko anakosema ametoka hakuna kati yetu anayemkumbuka.

Leo mtu akiniletea kipande kama hicho kazini, swali langu la kwanza lingekuwa: juu ya maneno haya palikuwa na nini, na chini yake je? Ukingo wa juu ulikuwa umeungua kama wa chini. Niliuona. Nilikiweka kati ya kurasa za insha yangu ya alama ya juu, nikajisikia, nakiri, furaha.

Mkutano wa Machi ulijaa. Nilisimama baada ya taarifa ya katibu, nikasema kwamba Evariste amekataliwa na kwamba kuna anayejua sababu, nikakisoma kile kipande mara mbili, mara ya pili polepole. Kisha nikakipitisha kitoke mkono hadi mkono ili kila mtu aone mwandiko. Wengi waliujua, maana Mzee ndiye aliyekuwa akiwaandikia watu barua zao za Kifaransa. Bwana Deo alikuwa mezani mbele, amekaa, kalamu mkononi. Alikitazama kipande kilipomfikia, akakitazama muda mrefu kuliko wote, akampa aliyefuata.

"Mzee Gervais," alisema katibu, "maneno haya ni yako?"

Mzee alisimama. "Karatasi ni yangu na mwandiko ni wangu."

"Tueleze basi."

Alimtazama Bwana Deo, si kwa kuomba, alimtazama tu, kama mtu anayehakikisha kwamba mwenzake amekaa vizuri. Kisha akanitazama mimi. "Sina la kuongeza," alisema. Mwanamke mmoja nyuma alisema kwamba watu walikufa nyumbani kwa sababu ya orodha za watu wenye mwandiko mzuri. Hakuna aliyemkemea. Mzee alivaa kofia, akakunja kiti chake, maana ukumbi ulikuwa wa kuazima na kila mmoja alitakiwa kukunja chake, akakiegemeza ukutani kwa uangalifu na kutoka. Ngazi za kwenda juu zilikuwa za chuma na tulizisikia hatua zake zote.

Mwezi huohuo alihama. Alipata chumba Skärholmen, karibu na ukumbi ambao hakuruhusiwa tena kuingia. Mama Furaha hakunisemesha kwa wiki mbili, kisha akasema jambo moja tu akiwa amenipa mgongo, akimenya ndizi: "Uyu muzee alikuwa anafunga tai juu ya sisi. Hakuna mwingine aliyetuvalia tai." Nilimwona kuwa mjinga. Chuoni tulikuwa tumefika kwenye kufukuzwa kwa Mjapani, namna alivyokaa nyumba ya mbali kwenye mashamba, marafiki wa zamani wakiona aibu kumtembelea, na nilisoma kurasa hizo kwa ukavu kabisa, nikiandika maelezo pembeni. Evariste alikata rufaa. Safari hii barua ya chama ilikuwepo, barua ndefu na nzuri yenye sahihi ya Bwana Deo, ikieleza anatoka wapi na nani wanamjua. Ilikuwa imeandikwa Desemba, ikachelewa kufika kwa sababu ya anwani. Alishinda. Tulioana mwaka uliofuata, na binti yetu alipozaliwa tulimwomba Bwana Deo amsimamie ubatizo, kwa kuwa ndiye aliyemwokoa baba yake. Alikubali huku machozi yakimtoka. Nilidhani ni furaha.

Mara moja tu nilikutana na Mzee uso kwa uso, miaka kama kumi baadaye, kwenye jukwaa la kituo cha Skärholmen. Alikuwa amepungua, tai ileile ya bluu. Nilitaka kupita. Aliinama kidogo akasema, "Konsolata, mwanangu. Mjapani wako hajambo?" Nilisikia kejeli. Nilijibu kwamba nimeacha mambo hayo zamani na nikaingia treni isiyokuwa yangu.

Jumamosi, basi. Baada ya makaburini tulirudi kwenye ukumbi wa kanisa Hässelby, watu wachache kuliko viti, kahawa katika chupa kubwa na maandazi ya mdalasini ya dukani. Mama Furaha, ambaye sasa anatembea na kigari cha kusukuma, ndiye aliyeandaa. Evariste alikuja kwa kuwa ndiye dereva wangu. Alikaa karibu na mlango, koti hajavua, akitazama simu. Wengi walikuja hivyohivyo, kwa ajili ya Mama Furaha, na walizungumza habari za hali ya hewa. Nilikuwa natafuta sukari Bwana Deo aliponigusa kiwiko. Amezeeka vibaya. Shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola.

"Konsolata, uje kidogo."

Alinipeleka mahali pa kutundikia makoti, akachukua kutoka chini ya koti lake mfuko wa duka la vyakula, uliofungwa fundo. "Wewe kazi yako ni kuweka makaratasi," alisema. "Haya uyaweke. Watoto wangu hawasomi Kiswahili, watatupa. Yeye alichoma ya kwake. Mimi ya kwangu nilishindwa."

Nilifungua fundo. Zilikuwa nakala safi za rasimu alizochoma Mzee, barua alizomwandikia Bwana Deo baada ya Alhamisi zote, katika bahasha ndogo zilizokatwa kwa wembe. Nilizikagua kwa mpangilio, mkono wangu ukijua kazi hata kichwa kikikataa, hadi nikafika Novemba ile. Ukurasa ulianza hivi: Mheshimiwa Mwenyekiti, nia yako nimeielewa kuwa ni kuandika barua kuhusu Evariste, kwamba hatumjui, kwamba huko anakosema ametoka hakuna kati yetu anayemkumbuka. Chini yake, kwa mwandiko uleule uliosimama wima: Nakuomba usiiandike. Si kweli, na wewe si mwongo. Kijana amekuumiza mbele ya watu; jibu lake ni kumsaidia mbele ya watu. Ziliendelea kurasa mbili. Nilifungua nyingine, na nyingine tena, na zote zilianza namna moja. Kila mara aliandika kwanza neno la mwenzake, kamili, kwa heshima, bila kulipunguza, ndipo akajibu. Ilikuwa namna yake ya karani aliyefundishwa kumsikia mkubwa kabla ya kumpinga. Nilichokisoma Skärholmen mara mbili, mara ya pili polepole, yalikuwa maneno ya Bwana Deo.

"Alikuambia ukae kimya?" nilimuuliza.

"Nilimfuata nje siku ile. Akasema watu wanahitaji mwenyekiti kuliko wanavyomhitaji yeye. Akasema barua nzuri imeshaandikwa, kijana atapona, basi." Alishika koti la mtu asiyemjua ili asimame vizuri. "Nilifikiri nitasema mwezi unaofuata. Kisha mkanipa mtoto nimbatize."

Binti yetu alitokea hapo, amevaa nguo nyeusi alizoazima kwa rafiki yake, akatutazama sote wawili. "Mamma, vad är det?" aliuliza kwa Kiswidi, kuna nini. Nilimjibu kwa Kiswahili kwamba akae na baba yake. Aliniangalia kwa mashaka. Amerithi.

Nilikuwa na mfuko mkononi na nilijua mambo mawili yanayogombana. Kazi yangu yote inasema karatasi zitunzwe na zisomwe. Mzee Gervais alisimama kwenye theluji ili zisisomwe na mtu. Nilikasirika, lazima niseme, nilimkasirikia marehemu kuliko nilivyomkasirikia Bwana Deo: kwa nini hukuniambia, nilikuwa jikoni kila siku, ungeniambia. Halafu nikakumbuka kwamba aliniambia. Aliniuliza ushahidi wa kosa la nani, nami nikaenda kuandika daftarini. Hapo ndipo nililia, nikiwa nimeficha uso ndani ya makoti yenye harufu ya mvua na sigara za watu wengine, na Bwana Deo akisimama kando bila kunigusa.

Niliingia ukumbini nikaomba niseme neno. Watu waliweka vikombe chini kwa adabu. Walidhani nitashukuru waliopika. Nilisema kwamba mwaka ule nilisoma kipande cha karatasi mbele yao na kwamba nilikosea. Mzee Gervais hakuandika dhidi ya Evariste. Aliandika kumtetea, na ni kwa sababu yake barua ya chama iliandikwa. Nilisema nimeona kwa macho yangu. Niliwaomba radhi, nikamwomba radhi Mama Furaha, na yeye aliye makaburini. Evariste alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye simu.

"Hayo maneno ya kwamba hatumjui yalikuwa ya nani basi?" aliuliza. Aliniuliza mimi, mkewe, mbele ya watu, kwa sauti ileile aliyonayo akitaka kujua funguo za gari ziko wapi.

Mfuko ulikuwa mkononi mwangu, umefungwa fundo. Ningeweza kusoma. Nilikuwa na ushahidi safari hii, mzima, wenye juu na chini. Nilimtazama Bwana Deo aliyekuwa ameshaingia na kuketi kwenye meza ya mbele, mahali alipozoea, na nikasema, "Sina la kuongeza." Ndipo nikaona nyuso zikibadilika. Walianza kunitazama vile nilivyowafundisha kumtazama Mzee, macho yakishuka kwenye mfuko na kupanda tena, na mume wangu miongoni mwao. Nilisimama nikajua uzito alioubeba miaka yote ulikuwa wa kiasi gani, na mimi nilikuwa nimeubeba kwa dakika moja tu.

Kiti kilisukumwa kule mbele. Bwana Deo alikuwa amesimama, ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Kwa kuwa ndiye mkubwa wetu na ndiye anayefunga mikutano kila siku, watu walidhani anataka tusali, wakainamisha vichwa mmoja baada ya mwingine, hata Mama Furaha, hata Evariste. Mimi sikuinamisha changu. Niliutazama mdomo wake mpaka ulipofunguka, na neno la kwanza lililotoka lilikuwa jina la mume wangu.